Bahasha za Lava: Jinsi ya Kukusanya na Kuhifadhi Likeni za Goma

Mtu wa Goma ana mali ambayo mtaalamu wa likeni wa Ulaya angeitafuta kwa tochi asiipate: anajua umri wa jiwe analolikanyaga. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 10 Januari 1977 iko pale, kaskazini mwa mji. Ile ya 17 Januari 2002 ilipita Munigi, ikafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Ya 22 Mei 2021 ilizika nyumba za Buhene na kusimama kabla ya kuufikia uwanja wa ndege. Ukichukua barabara ya Sake utakutana na lava ya mlima mwingine, Nyamulagira, ambayo ilianza kutiririka mwaka 1938 ikafika ziwani pia. Kwa hiyo ukitembea kwa siku chache unaweza kugusa mawe ya miaka minne tofauti, na kila moja lina wazee wanaoweza kukuambia walikuwa wapi siku hiyo.

Juu ya mawe hayo kuna kitu cha kijivu ambacho wengi wetu hatukitazami mara mbili. Ndiyo likeni: kuvu na mwani, au kuvu na bakteria wa kijani-buluu, walioungana wakawa kiumbe kimoja. Kuvu hushika jiwe na kutunza unyevu, mwenzake hupika chakula kwa mwanga wa jua. Ile inayotawala lava za Virunga inaitwa Stereocaulon vulcani, yenye matawi madogo magumu, urefu wa sentimita chache, rangi ya majivu. Kwenye matawi yake kuna vivimbe vidogo vyenye bakteria wanaoweza kunasa naitrojeni ya hewani. Lava mpya haina naitrojeni ya kulisha mmea wowote, ndiyo maana likeni hii hutangulia na fern, majani na vichaka hufuata.

Makala haya ni kwa mwanafunzi wa biolojia, mwalimu wa sekondari, au yeyote mwenye macho na subira anayetaka kuanzisha hebaria ndogo ya likeni za Goma, yaani mkusanyo wa sampuli zilizokaushwa, zikaandikwa vizuri na kutunzwa ili mtu mwingine azisome hata baada ya miaka mia. Vifaa ni vya bei ya chini. Kazi ngumu ni nidhamu ya kuandika.

Jangwa kando ya ziwa

Kabla ya kubeba nyundo, elewa unachokitafuta na kwa nini kiko pale. Vitabu vikitaka kuonyesha likeni zinazoishi kwa shida, mara nyingi hutaja jangwa la Namib, pwani ya Namibia, ambako mvua karibu haipo na likeni hunywa ukungu unaotoka Bahari ya Atlantiki. Karibu na Swakopmund kuna viwanja vizima vya likeni, na alama za magari yaliyopita juu yake huonekana miongo mingi baadaye. Goma inapata mvua ya kutosha, zaidi ya milimita elfu moja kwa mwaka, lakini lava mpya haiishiki. Maji huzama kwenye mipasuko na kupotea. Jua la adhuhuri likichoma jiwe jeusi, uso wake unakauka kabisa hata kama asubuhi kulikuwa na dhoruba. Kwa kiumbe kisicho na mizizi, huo ni ukame wa jangwani, na ziwa lote lile liko mita mia chache chini.

Kinachookoa likeni ni ukungu na umande. Kadiri unavyopanda kutoka ufukweni, ambako ni mita 1,460 juu ya bahari, kuelekea Kibati na miteremko ya Nyiragongo, hewa huwa nyevu zaidi na likeni hunenepa. Hapa kuna mtego kwa anayeanza. Atachukua sampuli ya lava ya 2002 mjini na ya lava ya 1977 mlimani, aone ya mlimani ni nene, kisha aandike kwamba miaka ndiyo iliyoleta tofauti. Huenda ni mwinuko tu. Ukitaka kulinganisha miaka, chagua lava mbili au tatu zilizo kwenye mwinuko unaokaribiana. Ukitaka kulinganisha mwinuko, fuata lava moja tu, ya mwaka mmoja, kutoka chini kwenda juu. Lava ya 2002 inafaa sana kwa hili kwa sababu ilishuka kutoka ubavuni mwa mlima hadi majini.

Tangu mwaka 1950, Mwaustria Roland Beschel alipoanza kupima upana wa likeni milimani Alps ili kukadiria umri wa mawe, wataalamu wamekuwa wakihangaika kupata mawe yenye tarehe ya uhakika ya kusahihishia vipimo vyao. Mara nyingi wameishia makaburini, wakisoma miaka iliyochongwa. Sisi tunayo ekari kwa ekari, na tunayajengea juu. Mtu akijenga Munigi au Buhene husawazisha lava kwanza. Vijana huipasua kuwa kokoto na mawe ya ukuta. Simlaumu mtu, mji unahitaji nyumba, na wenye parseli walirudi mahali pao walipopoteza kila kitu. Lakini uwanja wa lava ambao leo una likeni mwakani unaweza kuwa duka, na hakuna atakayejua nini kiliota pale isipokuwa kuna bahasha yenye maandishi sahihi.

Ruhusa, mazuku na vyuma

Sehemu kubwa ya lava nzuri imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Humo huokoti hata jani bila kibali cha ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi. Anza nje ya hifadhi. Lava ya mjini na ya pembeni ya mji inatosha kwa miaka kadhaa ya kazi.

Nje ya hifadhi bado kuna wenyewe. Muone chefu wa avenyu na chefu wa kartie, eleza unachofanya, na ukiwa mwanafunzi beba barua yenye muhuri wa chuo. Mtu anayepiga mawe kwa nyundo huku akiandika namba kutoka kwenye simu hutiliwa shaka haraka mahali penye askari, kwa hiyo usiende peke yako na usikaribie kambi, antena wala kizuizi. Na kwenye lava ya 2021 kumbuka kwamba chini ya miguu yako kuna nyumba za watu, na huenda kuna zaidi ya nyumba. Mwenye parseli anaijua mipaka yake hata kama wewe unaona mwamba mtupu. Muombe. Nimeona wazee wakigeuka kuwa wasaidizi bora wa utafiti baada ya kusalimiwa ipasavyo: shikamoo mzee, halafu swali. Wao ndio watakaokuonyesha mahali lava ya 2002 ilipolalia ile ya 1977, jambo ambalo kwa macho ya mgeni ni jiwe jeusi juu ya jiwe jeusi.

Mazuku kila mtoto wa Goma anayajua, ila mkusanya likeni huyasahau kwa sababu anainama. Gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, hujaa kwenye mashimo na mabonde madogo, haina rangi wala harufu. Huua mbuzi, na huua watu. Himbi, Keshero, Mugunga na Bulengo ni baadhi ya sehemu zinazojulikana kwa mazuku. Hatari ni kubwa zaidi alfajiri na usiku, upepo ukiwa umetulia. Likeni nyingine hupenda hasa vishimo vyenye kivuli, basi sheria ni hii: usishuke kwenye shimo lolote la lava, usiingize kichwa kwenye pango kutafuta sampuli, na fanya kazi jua likishapanda na upepo ukivuma. Ukiona wadudu, ndege, paka au panya waliokufa kwenye shimo, ondoka bila kuchunguza sababu.

Baada ya vita vilivyopita kuzunguka mji, kuna mabaki ya silaha yaliyotawanyika. Pita kwenye njia zinazokanyagwa kila siku, na chuma chochote usichokitambua usikiguse wala usikipige picha kwa karibu.

Begi la kazi

Nyundo ya fundi mawe, patasi ya chuma, kisu kifupi, chupa ndogo ya kunyunyizia maji, lenzi ya kukuza mara kumi, rula, daftari, kalamu ya risasi, mifuko ya karatasi. Kalamu ya risasi ni muhimu kuliko bik: mvua ikinyesha wino hutiririka, risasi hubaki. Glavu za ngozi na miwani ya kukinga macho si mapambo. Lava mpya hukata, na kipande kinachoruka chini ya patasi huenda kokote. Viatu viwe vya soli nene. Sendeli zitakugharimu kidole.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na bado iko sokoni, lakini sababu yangu ni nyingine. Likeni iliyofungiwa ndani ya plastiki ikiwa na unyevu huota ukungu kwa siku mbili tatu, na ukungu ukishaingia hakuna dawa. Mfuko wa karatasi wa mkate, au karatasi ya gazeti iliyokunjwa, hufanya kazi vizuri.

Kuchukua

Kila aina ya likeni ina namna yake ya kuchukuliwa, na hapa ndipo wanafunzi waliozoea kubana maua kati ya magazeti hukosea. Likeni haibanwi kwa nguvu. Umbo lake la kusimama au kujikunja ni sehemu ya utambulisho wake.

Zenye matawi, kama Stereocaulon, hukatika ovyo zikiwa kavu. Zinyunyizie maji kidogo, subiri dakika chache zilainike, kisha zing'oe kwa kisu pamoja na sehemu ya chini inayoshika jiwe. Bila hiyo sehemu ya chini mtaalamu hawezi kujua kama inasimama kwa shina moja au inatambaa. Zenye majani, zile zinazokaa bapa na kuinuka kingo, nazo zilowanishe, halafu pitisha kisu chini polepole ukizungusha. Angalia upande wa chini: kuna nywele? rangi gani, nyeusi au hudhurungi? Andika papo hapo, kwa sababu zikikauka utaona tofauti.

Zile zilizoganda kwenye jiwe hadi zinaonekana kama rangi iliyomwagika haziwezi kutenganishwa na jiwe. Chukua jiwe. Tafuta ukingo wa lava uliokaribia kumeguka wenyewe, weka patasi sentimita moja nje ya likeni, piga taratibu mara kadhaa badala ya kishindo kimoja. Unataka kibamba chembamba. Jiwe la kilo mbili litachosha mgongo wako leo na litavunja sanduku la hebaria kesho.

Kiasi gani? Kiganja kimoja kwa zenye matawi kinatosha, na hata hicho ukichukue tu pale zilipo nyingi. Likeni hukua milimita chache kwa mwaka, nyingine pungufu ya hapo. Ukikuta moja tu mahali pote, ipige picha na rula pembeni, uandike, uiache. Picha yenye kipimo na mahali sahihi ni rekodi kamili. Si lazima kila kitu kiende nyumbani.

Mjini likeni ziko pia kwenye kuta za mawe. Zinavutia, ni rahisi kufikia, na zina shida: ukuta si uwanja wa lava. Jiwe la ukuta lilitoka mahali pengine, huenda ni lava ya 2002, huenda ni ya kale isiyojulikana tarehe, na lilikatwa uso. Kusanya ukipenda, lakini andika wazi "jiwe la ukuta" na mwaka ukuta ulipojengwa kama mwenye nyumba anaukumbuka. Anayechanganya sampuli za ukuta na za uwanja kwenye sanduku moja bila kutenganisha ameharibu zote mbili.

Daftari na lebo

Ningependa msomaji atumie nusu ya muda wake hapa. Sampuli nzuri isiyo na maandishi ni takataka kavu. Sampuli mbovu yenye maandishi kamili bado ina thamani.

Mpe kila mkusanyo namba, ukianzia 1 na kuendelea maisha yako yote. Usirudi 1 kila mwaka, usiweke herufi za siri unazozielewa wewe peke yako. Namba hiyo iandikwe kwenye mfuko kabla mfuko haujaingia begini, na kwenye daftari mstari huohuo uwe na mambo haya: tarehe, mahali, mwinuko, latitudo na longitudo kutoka kwenye simu, lava ya mwaka gani na ya mlima gani, uso wa lava, kivuli au jua, na jina lako na la uliyekuwa naye.

Uso wa lava unastahili maneno machache. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana kutiririka, na mara nyingi huganda ikiwa laini yenye mikunjo. Kwingine inakuwa ya makapi makali yaliyosongamana. Likeni na unyevu havikai sawa kwenye nyuso hizi mbili, hivyo andika "laini" au "makapi", pamoja na upande jiwe linakotazama.

Usisahau moshi wa volkano. Moshi wa Nyiragongo mara nyingi husukumwa na upepo kuelekea magharibi, upande wa Rusayo na Masisi, ukiwa na dioksidi ya salfa ambayo likeni nyingi haziivumilii. Sampuli mbili za mwaka mmoja, moja chini ya moshi na nyingine upande wa pili wa mlima, zinaweza kusimulia habari tofauti kabisa. Ukiwa unanusa salfa siku ya kukusanya, andika hivyo.

Mwaka wa lava usikisiwe. Kama huna hakika, uliza wazee wawili wasiokuwa pamoja, halafu linganisha na ramani za watu wa OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma. Wakitofautiana, andika majibu yote mawili. "Wazee: 1977, ramani: 2002" ni maandishi ya heshima. Kuandika 1977 kwa sababu ilionekana kuukuu ni uongo hata kama baadaye utakuwa kweli.

Jioni hiyohiyo, kabla ya kula, hamishia daftari kwenye lebo. Lebo iliyokamilika husomeka hivi: Stereocaulon, spishi bado. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kivu Kaskazini, teritwari ya Nyiragongo, Munigi. Juu ya lava ya Nyiragongo ya Januari 2002, uso laini, jua kali, pembeni mwa fern. Halafu mwinuko, latitudo na longitudo, tarehe, jina la mkusanyaji na namba yake. Jina la kisayansi linaweza kusubiri miaka kumi. Mahali hapasubiri, utapasahau wiki ijayo.

Kukausha na bahasha

Kausha ndani ya nyumba, kwenye kivuli, hewa ikipita. Tandaza magazeti, fungua mifuko, geuza sampuli kila siku hadi zikauke. Msimu wa kiangazi, Juni hadi Agosti, kazi hii ni nyepesi. Wakati wa mvua huchukua muda mrefu zaidi na inabidi ubadilishe magazeti. Usiweke juu ya mbabula hata kama umechelewa. Moto hugeuza rangi, na moshi wa makaa hubaki kwenye sampuli, kisha mtu wa maabara atapima kemikali za jiko lako.

Bahasha ya hebaria unaikunja mwenyewe kwa karatasi ya A4. Isimamishe wima, pandisha ukingo wa chini hadi ibaki sentimita saba na nusu juu, bana mkunjo kwa kucha. Pinda pande za kushoto na kulia kuelekea nyuma, sentimita tatu na nusu kila upande. Shusha kifuniko cha juu kiifunike bahasha upande wa mbele. Lebo inakaa juu ya hicho kifuniko, hivyo iandike au ichapishe kabla ya kukunja. Chagua karatasi nyeupe nzito kuliko ya kawaida. Ya gazeti hugeuka manjano na kumomonyoka. Kibamba cha jiwe kibandike kwa gundi nyeupe juu ya kipande cha kadi ngumu, kisha kadi iingie bahashani, la sivyo jiwe litasaga likeni kila mtu akiinua sanduku.

Wadudu wapo. Wenye friji ya kugandisha wafunge bahasha zilizokauka kabisa kwenye mfuko usiopitisha hewa, waziweke kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na wakizitoa wasifungue mfuko hadi urudi kwenye joto la chumba, maana unyevu utaganda juu ya sampuli. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya. Asiye na friji akague masanduku kila mwezi kwa lenzi. Vidonge vya nondo tunavyoweka kwenye nguo siviungi mkono: harufu yake si nzuri kwa mapafu ya anayefanya kazi humo kila siku.

Katoni za viatu zinafaa kuwa masanduku. Ziinue juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje. Panga bahasha kwa mwaka wa lava kwanza, halafu kwa mahali. Hebaria kubwa hupanga kwa jina la spishi, lakini huku kwetu mwaka ndio swali watakalouliza watu, na majina mengi bado hatuna.

Kutafuta jina

Kwa likeni zenye majani na matawi, kitabu cha T. D. V. Swinscow na Hildur Krog kilichotoka mwaka 1988, Macrolichens of East Africa, bado ndicho cha kuanzia. Kiliandikwa kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania, lakini likeni haziulizi pasi mpakani na nyingi zimo. Zilizoganda kwenye jiwe hakizigusi.

Majaribio mawili ya kemikali yatakusaidia. La kwanza huitwa K, ambalo ni tone la potasi kostiki yenye nguvu ya asilimia kumi hivi. Soda kostiki ya watengeneza sabuni hutoa matokeo yanayokaribiana sana. La pili, C, ni javel ya kawaida isiyo na manukato, iliyofunguliwa karibuni. Chovya ncha ya kijiti chembamba, gusa sehemu ndogo ya likeni, tazama kwa lenzi ndani ya sekunde chache: manjano, nyekundu, waridi, au hakuna kitu. Stereocaulon nyingi zina atranorini, na kwa K hugeuka manjano. Fanya jaribio kwenye kipande kidogo kilichotengwa, kamwe si kwenye sampuli nzima. Vaa miwani na glavu, maana soda hiyo huchoma jicho. Javel na asidi usivichanganye, wala usiviweke karibu. Matokeo yaandike kwenye lebo, kwa mfano "K manjano, C hakuna".

Nakala ya pili

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa mbali na Virunga, lakini vilitugusa. Mtaalamu wa mimea Johannes Mildbraed alizunguka nchi hii mwaka 1907 na 1908 pamoja na msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, na mimea yake ikapelekwa Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliichoma hebaria ya Berlin, na sehemu kubwa ya mkusanyo ikawa majivu. Zilizopona ni zile zilizokuwa zimeazimwa, na zile ambazo nakala zake zilikuwa zimetumwa kwingine.

Kwa hiyo gawanya kila mkusanyo mkubwa wa kutosha mara mbili, namba ileile, lebo ileile, na usiweke nusu zote mbili Goma. Mji huu umeungua mara mbili ndani ya miaka ishirini. Kituo cha utafiti cha Lwiro, Kivu Kusini, kilichoanza mwaka 1947 kwa jina la IRSAC na leo kinaitwa CRSN, kina hebaria yake. Yangambi pia, chini ya INERA, ndiyo kubwa kuliko zote nchini. Nje ya nchi kuna Hebaria ya Afrika Mashariki huko Nairobi, na bustani ya Meise nchini Ubelgiji, ambako kuna sampuli nyingi za Kongo za nyakati za ukoloni. Mtaalamu wa mimea Jean Lebrun, aliyefanya kazi kwenye hifadhi mwaka 1937 na 1938 na baadaye akachapisha utafiti mkubwa kuhusu mimea ya viwanja vya lava kaskazini mwa Ziwa Kivu, alikuwa wa zama hizo. Anayetaka kulinganisha likeni zake na za wakati wa Lebrun itamlazimu aulize Meise.

Kuvusha sampuli mpaka kuna masharti. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka nchi itoe idhini kabla mali yake ya kibiolojia haijatumika kwingine, na hata bahasha moja ya kutuma Nairobi inahitaji karatasi zake. Watu wa Chuo Kikuu cha Goma au wa Lwiro wanajua njia. Anza nao badala ya kumpa rafiki anayesafiri.

Kama huna muda wala nafasi ya kukusanya kila mahali, anza na lava ya 2002, mjini, wiki hii. Ndiyo inayojengewa haraka kuliko nyingine zote, na kila mkanda unaosawazishwa kwa ajili ya msingi wa nyumba ni sampuli ambazo hazitapatikana tena. Bahasha ishirini zenye mwaka, mwinuko na jina la mahali, nusu moja ikiwa kwako na nusu nyingine Lwiro, zitamfaa mtafiti wa mwaka 2060 kuliko makala mia moja kama haya.